Daftari la Murhula

Katika hoteli ya Nguba, ukumbi unaotazama ziwa,
mkufunzi kutoka Kinshasa alitugawia kalamu nne nne
akauliza: wewe ni kiongozi wa aina gani?
Ukutani karatasi: simba, tai, siafu, maji.
Nilichagua maji, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.
Alipiga makofi, akaandika: KUBADILIKA.

Sikumwambia kwamba maji hayabadiliki.
Yanafuata mteremko, na Bukavu ni mteremko mtupu:
ukifungua sana bondeni, Kadutu wanaamka na madumu makavu;
ukifungua sana juu, bomba linapasuka kule Essence
na mtu anashusha miguu kitandani, anakanyaga mto.

Mimi nilifundwa na Murhula.
Miaka minane nilimbebea ufunguo wa valvu,
chuma cha umbo la msalaba uliokatwa kichwa,
begani, kupanda, kushuka, kupanda.
Mwaka wa tisa akaanza kubaki ndani ya gari.
Tunafika kwenye shimo, Buholo, kifuniko nakiinua peke yangu,
yeye anasoma gazeti la juzi.
"Fungula weye."
Mizunguko mingapi?
Anageuza ukurasa.

Niliwaambia wenzangu: huyu amechoka,
anangoja pensheni isiyojua njia ya kuja.

Usiku mmoja wa mvua, umeme umekatika na kurudi,
nilizungusha kumi na moja palipotakiwa saba.
Bomba lilikohoa kama mbuzi,
likatema tope ndani ya duka la Mama Cibalonza,
juu ya sukari.
Murhula alikuwa palepale. Taa ya gari ilimmulika.
Niliuona mdomo wake ukifunguka,
kisha niliuona ukifungwa.
Nilimchukia mwaka mzima.

(Kwenye semina tulijaza jedwali:
malengo, vizuizi, tarehe ya kufika.
Tulikula kuku. Tulipiga picha.
Cheti kiliandikwa Nsimere. Mimi ni Nsimire.)

Alipostaafu aliacha daftari juu ya kabati la vipuri,
kila ukurasa umegawanywa kwa rula.
Kushoto, kosa langu. Kulia, yeye.

*N. amesahau kutoa hewa.* Nilinyamaza. Dakika ya sita akakumbuka.
*N. amegombana na mkuu wa mtaa.* Nilinyamaza. Alikuwa na haki kunishinda.
*N. analia nyuma ya gari.* Nilinyamaza. Sikujua la kusema.
*Sukari.* Nilinyamaza kupita kiasi. Magunia mawili nimelipa mimi. Asijue.

Hapo nilisoma mara tatu.
Magunia mawili, mwaka ule ambao mshahara
ulikuwa unafika kama mgeni, bila taarifa.

Sisemi alifanya vizuri.
Neno moja tu, Murhula, "saba",
na sukari ingebaki sukari.
Lakini saba ningeipata kutoka kinywani mwako,
na siku kinywa chako kingeondoka
ningeitafuta wapi?

Leo ufunguo uko begani kwa Zihindula,
kijana mwenye diploma na viatu vyeupe visivyodumu wiki.
"Shefu, mizunguko mingapi?"
Namuuliza: wewe unaonaje?
Swali hili nililipata Nguba, kwa yule mwenye kalamu;
deni lake nalikiri, kuku wake hakuliwa bure.
Murhula hata hilo hakuniuliza.

Zihindula anatazama kilima, anatazama saa,
anahesabu nyumba zilizoota tangu mwaka jana
mahali ambapo ramani yetu inaonyesha migomba.
Anainama. Moja. Mbili.
Nimekalia mikono yangu.
Tano. Sita.
Saba, na hasimami.
Ulimi wangu umegonga meno, umerudi.
Nane. Anaweka sikio kwenye chuma.
Anasikiliza.

Ndani ya gari kuna baridi.
Gazeti nimelishika wazi usoni, la juzi,
na sasa najua
kwamba hata yeye hakuwa akisoma.