Bei ya Kichwa

Bi Thorlakson alipiga simu Jumanne.
Wageni kumi na wawili, Jumamosi,
nyumbani kwake, ng'ambo ya mto ulioganda.
"Nitajie tu bei ya kichwa."
Mama, unga umempanda hadi viwikoni,
akaninong'oneza: ishirini.
Nikasema nitampigia kesho.

Usiku huo, mimi na daftari.
Nje Winnipeg imefukiwa, hata taa za barabarani zimevaa kofia.
Bata wawili, sitini na nane.
Samaki, na sharti aamke hai siku ya kupikwa, hamsini na mbili.
Tumbo la nguruwe, arobaini na moja.
Mboga, tangawizi, vitunguu vya majani, thelathini na saba.
Unga, mchele, mafuta, na ile sosi nyeusi
ambayo Baba huimimina kama haina bei, ishirini na mbili.
Petroli kumi na nne: gari litanguruma mlangoni kwa watu usiku kucha,
likizimwa kwenye baridi hii, tutarudi kwa miguu.
Gesi tisa. Foili na leso, kumi na tatu.
Mia mbili hamsini na sita.
Gawa kwa vichwa: ishirini na moja na ushei.

"Mama, kwa ishirini
tutakuwa tunawalipa ili wale."

"Na bado sijaandika saa," nikaongeza.
"Saa gani?" Baba akauliza. "Nyumbani hakuna saa."
Yeye huyo! Miaka kumi na tisa
akigonga kadi kwenye mkahawa wa wenyewe,
akizijua dakika kama ulimi unavyoyajua meno.

Basi nikamsomea.
Wewe tisa. Mimi sita.
Kit-man simhesabu, hubeba kimoja akala viwili.
Mama kumi na moja.

Mama alikuwa anakunja vifurushi vya nyama,
mia moja arobaini na vinne,
kila kimoja mikunjo kumi na mitatu.
Vidole vikasimama.
"Kumi na moja?"
"Tangu saa kumi alfajiri."
Hakusema kitu. Vidole vikaendelea.

Ikawa zamu ya Baba na namba zake.
Arobaini na nane? Hapana, ina nne ndani,
na kwa lugha yetu nne na kifo ni mapacha,
sauti ikiteleza kidogo tu umemwita asiyealikwa.
Thelathini na nane, basi: tatu ni uhai, nane ni neema.
Nikapiga hesabu. Neema yenyewe
ni dola saba na senti sitini na tisa kwa saa.
Mfinyanzi hulia gaeni, sawa;
sisi tunakula shingo za bata, wima, kando ya sinki,
lakini hata gae lina mwisho wake.

"Hamsini na nane," nikasema. "Nane hiyo hapo."
Akacheka kwa huzuni. Tano kwetu husikika kama *si*.
Tano-nane: si neema.
Nani atamkaribisha mgeni kwa laana?

Nikaifunga daftari. Nilikuwa nimechoka na mizimu ya tarakimu.

"Sitini na nane," Mama akasema,
bila kuinua macho kutoka kwenye unga.
Baba akafungua mdomo, akatafuta kasoro,
sita, nane, akaligeuza huku na huku
kama mtu anayekagua samaki sokoni.
Matamvua mekundu. Macho maangavu.
Akaufunga mdomo.

Asubuhi nikapiga.
"Sitini na nane kwa kichwa, Bi Thorlakson."
Kimya. Kijiko kikagonga kikombe upande wa pili.
"Mkahawa wa mjini ni thelathini."
Najua, nikasema. Baba ndiye aliyekuwa akiupikia.
Kimya tena, kirefu, kiasi cha kukunja vifurushi vitatu.
"Na vyombo? Mtaosha?"

Nyuma yangu Baba, haraka haraka,
anaitikia kwa kichwa.
Mama amekishika kidevu chake kwa mkono wa unga,
amekituliza.
Wote wawili wananitazama mimi.