Muhula Umeisha, Pasua

Leo nimefunga daftari la visasili.
Wiki kumi na nne, saa tatu usiku,
simu imeegemea kopo la maziwa ya unga,
bando likipungua kama mafuta ya kibatari.

Miungu ya mbali niliikariri hadi wajukuu.
Ya kwetu nilikuwa na jina moja, Ruwa,
na hilo nalo niliazima kwa Anaeli
anayekaanga mihogo pale stendi.

Mtihani wa mwisho: simulia.
Nikasema, Paukwa.
Vipaza sauti ishirini na sita, vyote vimezimwa.
Mwalimu akagonga kioo, akidhani mtandao umekwama.
Paukwa, nikarudia, koo kavu.

Ndipo jikoni, katika mvuke wa mtori,
mama mkwe, ambaye tangu Machi
ananung'unika kuwa naongea na vivuli,
akaitikia, Pakawa!
Mwiko ukagonga sufuria.

Nikausimulia mlima ulioomba moto kwa nduguye.
Alinikatiza mara mbili: haukuomba hivyo.

Alama zimekuja asubuhi, themanini na moja.
Chini yake mwalimu kaandika:
sauti ya pili ni ya nani?
Hukuitaja kwenye marejeo.