Mabano

Kazi yangu ni masikio.
Naketi hatua chache kutoka kiti cha Spika,
dakika kumi, kisha namwachia Mbijima zamu
na kupanda ghorofani kuchapa nilichokisikia
kabla hakijapoa.

Wakikohoa, kikohozi hakifiki kwenye karatasi.
"Eeh" na "yaani" nazipembua kama chuya.
Sentensi iliyovunjika mguu naifunga banzi.
Lakini makofi ni mali ya Taarifa Rasmi,
nayawekea mabano, yakae kwa heshima:
(Makofi)
Na kicheko vivyo hivyo.

Leo, saa tatu na robo, swali namba mia moja kumi na saba.
Mheshimiwa Chilewa akauliza ni lini Serikali
itamalizana na jirani
kuhusu malori ya mahindi yaliyozuiwa mpakani.

Vidole vyangu vikasita.
Lori moja kati ya hayo nalijua hadi turubai lake,
la kijani, lina kiraka cha mfuko wa mbolea.
Lilipakiwa Kibaigwa usiku wa Jumanne
na magunia themanini ndani yake
ni ya dada yangu, Sechelela,
aliyeuza ng'ombe wa mahari ya bintiye
ili ayanunue.

Naibu Waziri akasogeza kipaza sauti.
"Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri,
naomba kujibu swali la Mheshimiwa kama ifuatavyo."
Na ifuatavyo ikafuata, imevaa tai:
uhusiano wetu na jirani ni wa kindugu na wa kihistoria,
itifaki imeridhiwa,
tume ya pamoja ilikutana na itakutana tena,
sampuli za sumukuvu ziko maabara,
mazungumzo yamefikia hatua nzuri.
(Makofi)

Sikumwona mwongo.
Nilimwona mtu aliyeshika karatasi
aliyoandikiwa na mtu aliyeambiwa na mtu,
na mwisho wa foleni hiyo, mbali huko kwenye geti,
kuna afisa naye anasubiri simu.

Swali la nyongeza.
"Hiyo hatua nzuri, Mheshimiwa Spika,
ina urefu wa kilomita ngapi?"
(Kicheko)
Akacheka Spika. Akacheka hata Naibu Waziri,
kisha akageuza karatasi yake
na nyuma palikuwa peupe.

Nilizihesabu. Sekunde kumi na moja.
Kiti kililia mahali fulani safu za nyuma.
Mtu alifungua chupa ya maji, akaifunga bila kunywa.
"Mheshimiwa Spika, mchakato unaendelea."

Ghorofani nikakwama.
Makofi yana mabano, kicheko kina mabano,
na ile kimya?
Nikafungua, nikaacha nafasi, nikafunga:
(                    )
Mzee Masima akaja na kalamu yake nyekundu.
"Nyemo, umesahau neno hapa."
"Sijasahau."
Akanitazama juu ya miwani. Akafuta.
Anastaafu mwezi wa sita, sikumlaumu.

Saa saba nikatoka nje.
Upepo wa Dodoma ulikuwa umeamka vibaya,
unabeba vumbi na vipeperushi vya semina ya jana.
Simu ikalia.
"Umewasikia? Wamesemaje?"
"Wamesema mchakato unaendelea."
Kimya. Nikajikuta nahesabu tena, mazoea ya kazi.
Nilifika nane.

"Dereva kanipigia," akasema Sechelela.
"Huko kumenyesha siku tatu. Maji yamepita kwenye kiraka.
Magunia ya chini yameanza kuota."
Halafu akacheka, kidogo, kwa puani.
"Waambie hayo mahindi nayo
yanaendelea."

Kikao cha jioni ni saa kumi na moja.
Nimechonga penseli mbili, ingawa tunachapa kwa mashine.