Kamba ya Komba

Fakihi kaja mbio, simu mkononi:
"Shangazi, Komba anarudi!
Wanaitengeneza upya, na safari hii atapaa kweli,
kompyuta itamfutia kamba."

Nikaepua karai la kachiri.
Kamba ifutwe?
Kamba ile tuliiona sote, Maweni nzima,
nyeupe, ya kuanikia nguo, imepitishwa kwapani,
na Komba ananing'inia juu ya mabati
kama suruali iliyosahauliwa mvuani,
nasi tukapiga makofi.
Hatukuwa wajinga. Tuliiona
tukaamua kutoiona,
na kuamua huko ndiko kulikokuwa tikiti,
maana shilingi tano za Mbwarali
zilikuwa za mbu na joto tu.

Mie hizo tano sikuwa nazo.
Nilikaa nje na beseni langu,
jicho kwenye tundu la makuti,
kwa hivyo Komba wangu ni nusu:
mkono wa kushoto, sikio moja la gunia,
jicho la kifuniko cha chupa liking'aa.
Nusu ya pili alinisimulia Chengo
kwa malipo ya kachiri zilizoungua.

Wala sisemi, Fakihi, ya kale dhahabu.
Komba alikuwa na kitambi.
Kitabuni, kile cha katuni tulichoazimana
hadi kurasa zikalainika kama leso,
alikuwa mwembamba, mchache wa maneno,
akipanda mnazi usiku, akilamba tembo la mgema,
na kadiri alewavyo ndivyo aonavyo gizani.
Kwenye filamu wakampa soda.
Kaka yake Chengo akatoka bandani akitema mate:
"Wamemharibu!"
Basi hata huyu tunayemlilia
alishakuwa uharibifu wa mtu mwingine.

Na mwisho wake hatuujui.
Usiku wa tatu, Komba yuko hewani
baina ya ghorofa mbili, mtoto kwapani,
kamba inaanza kukatika
(ya hadithi au ya duka la vyombo, nani ajuaye)
mashine ikakohoa, ikala mkanda.
Mbwarali akauvuta kwa vidole, dhiraa kwa dhiraa,
umejikunja kama utumbo wa kuku,
akautupa nje, karibu na beseni langu.

Chengo siku hizi yuko chumvini, Gongoni.
Nikampigia: wasemaje, watengeneze?
Kimya. Nikasikia upepo, na koleo.
"Watengeneze," akasema.
"Miaka ishirini na sita
namshusha yule mtoto kila nikilala.
Siku nyingine nafika naye chini.
Siku nyingine naamka."

Mkono wake wa kulia haunyooki hadi leo.
Aliruka kutoka tangi la maji la Barani,
shuka shingoni,
bila kamba.

Sikumwambia, na wewe ndiyo kwanza nakwambia:
ule mkanda niliuokota mie.
Nikampelekea mamake, Sidi,
akaufunga kijiti kwa kijiti
shambani kwake Muyeye,
ukavuma, ukametameta, kunguru wakakoma kutua.
Msimu mzima mwisho wa Komba
ulilinda mahindi,
nasi tukayachoma, tukayapaka ndimu na pilipili,
Chengo akiguguna kwa mkono wa kushoto,
plasta ya kulia imejaa majina yetu,
na juu ya kichwa chake yule mtoto
anashuka, hashuki, anashuka, hashuki,
kila upepo ukigeuka.

Haya, waambie watengeneze.
Wampunguze kitambi, wamrudishie tembo lake.
Mtoto wamfikishe chini, Chengo apate usingizi.
Lakini kamba, Fakihi,
waache japo uzi.
Wakiufuta wote nitanunua tikiti, nitakaa mbele kabisa,
kiti cha sponji, kioo kizima,
na jicho langu litahangaika ukutani
likitafuta tundu.