Tone la Kumi na Saba

Kazi yangu ni kupima ukali.
Barabara ya Enterprise, ghorofa ya pili, dirisha halifunguki,
nadondosha sodiamu kwenye juisi ya pasheni,
tone, natikisa chupa, tone.
La kumi na sita bado manjano.
La kumi na saba, waridi,
waridi hafifu kama ufizi wa kichanga.
Hapo nafunga koki, naandika nambari.

Jumanne likaletwa pipa lisilo na mbegu.
Maji, sukari, rangi,
na unga mweupe wa gunia
uliochotwa kwa kikombe cha chai.
Nikadondosha. La kumi na saba.
Waridi.
Bwana Mutinda akachungulia begani mwangu:
“Si umeona, Kerubo? Ni ile ile.”

Na ni kweli, ni ile ile.
Kaboni sita, haidrojeni nane, oksijeni saba.
Asidi ya sitriki haina kwao,
haikumbuki ua wala nyuki,
haijui mvua ilichelewa Kisii mwaka gani.
Nilisomea hayo, karo ikalipwa kwa ndimu.

Mama yuko Marikiti tangu saa kumi alfajiri,
ndimu tano tano juu ya gunia lililolowa.
Mteja akitilia shaka, anakata moja, anakamua,
maji yanamwingia kwenye nyufa za vidole,
“Sss!” kisha anacheka:
“Ndimu haina adabu,
inamjua kila mwenye kidonda.”

Zilizolala huniletea Pipeline.
Maji yetu ya kisima yameacha gamba birikani,
jeupe, gumu, la miezi.
Jana usiku nilikamua ndimu tatu zilizonyauka, nikachemsha.
Gamba likatoa povu, likalegea,
likaanza kubanduka vipande vipande
kama rangi ya ukuta wa zamani.
Unga wa gunia ungefanya vivyo hivyo, najua.
Nilisimama pale tu, nikinusa.

Fomu ya pipa ningali nayo.
Ukali: sawa. Rangi: sawa.
Hakuna safu inayouliza umetoka wapi,
basi nimeichora kwa rula, pembeni,
nikaandika: *gunia*.
Sahihi bado. Kesho ni kesho.

Mama ananipigia, sauti imejaa mikokoteni:
leo ndimu zimeshuka bei,
na je, nimepata mafuta ya mikono,
yale yasiyowasha?