Umeme Ukikatika Wete

Umeme ukikatika Wete, mtaa mzima huguna.
Mimi hushusha pumzi.
Limenyamaza friji la Bi Mgeni linalonikoromea masikioni,
imezimika ile taa ya kona inayovuma kama nzi chupani,
zimelala chaja, feni, televisheni,
na hewa inabaki tupu,
kisahani kilichorambwa.
Ndipo naipakata redio yangu,
betri nne za dukani kwa Faki, za mkopo, tangu Rajabu.

Waya nimeufunga mkarafuuni,
shaba niliyoifumua kwenye mota ya feni mbovu,
unapita juu ya paa la jiko hadi dirishani.
Raya aliwahi kuanika kanga juu yake.
Usiku ule sikusikia hata Tanga.

Watu hudhani nafuatilia habari.
Sheha alinijia mara moja, kwa upole, akaketi.
"Mwalimu, hao wanasema nini?"
Nikamwambia sijui.
"Lugha gani?"
Labda Kiburma. Labda si Kiburma.
"Sasa unasikiliza nini?"
Nikampa kile kidude cha sikio.
Alikaa nacho kitambo: mchanga unachekechwa, unachekechwa,
na chini yake, chini kabisa, zumari.
Akakitoa, akakifuta kwa ncha ya kanzu.
"Wako mbali," akasema.
Akenda zake, hakuniuliza tena.

Delhi ni rahisi, ni jirani mwenye sauti kubwa.
Beijing hubisha hodi kila mlango.
Mimi nawataka wadogo, vituo vya wilaya,
vinavyowatajia wafugaji wao bei ya sufu
wala havijui kwamba Pemba kuna mtu macho.
Kidole kinakwenda unywele kwa unywele.
Jina la kituo hutajwa saa kamili,
na saa kamili ndipo wimbi huzama,
kama mdaiwa aliyekuona sokoni.
Daftari langu limejaa neno moja: Hakijulikani.

Mfunguo Tano, saa tano za usiku,
kilohezi elfu nne mia nane na kitu,
mwanamke alikuwa akisoma.
Kwao alfajiri imeshaingia;
yeye yumo ndani ya kesho, mimi bado nimo leo.
Akasita.
Akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu,
cha mtu aliyetoka nje kwenye baridi.
Nami peke yangu gizani,
mtu mzima, mwalimu wa jiografia,
nikasema: "Pole."

Niliandika barua. Sheria ya mchezo ni ushahidi:
saa, masafa, nguvu ya sauti, ulichokisikia.
Nilichokisikia: kikohozi.
Nikaipeleka nilikodhani ndiko, wakajibu si wao.
Nikaandika nyengine, kaskazini zaidi,
mji ambao hata kwenye ramani ya skuli
umeangukia pale karatasi ilipokunjika.
Karafuu zikachumwa, zikaanikwa mpaka barabarani,
nikasahau.

Posta, Mize aliigeuza bahasha mara tatu kabla ya kunipa.
"Ngamia wa nundu mbili," alisema. "Stempu hii nibandulie mie."
Ndani kadi, na kikaratasi cha Kizungu cha kuungaunga kama changu:
Ndiyo. Tarehe hiyo. Kituo ni chetu.
Mtangazaji alikuwa na mafua.
Anashukuru.
Ameshapona.

Nilimsomea Raya, yuko jikoni, mkono una unga.
Hakusema kitu.
Jioni nikakuta amefunga karafuu kwenye kijikaratasi,
kiasi cha kiganja,
kaziweka juu ya daftari langu.
"Mwambie achemshe," akasema. "Mafua hurudi."

Umeme ukawaka.
Friji la Bi Mgeni likaanza.