Sifuri ya Mwanzo

Kibanda changu kiko nyuma ya soko, Arua.
Nachaji simu, nauza vocha, nafungua laini zilizofungwa.
Candiru alikuja Jumanne na karatasi iliyolowa jasho:
"Mwanangu Ayikoru, yuko Maskati,
anasema ananipigia hadi kidole kinauma.
Mbona mimi sisikii kitu?"

Nikamwambia, mama, ni sifuri.
Hapa nyumbani namba huanza na sifuri,
kama mtu anavyopiga hodi kabla ya kuingia.
Anayepiga kutoka ng'ambo hutanguliza mbili, tano, sita,
na sifuri huibwaga mpakani.
Akibeba vyote, mlango haufunguki.

Akanitazama kana kwamba nimemwambia amwache mtoto njiani.
"Hiyo sifuri nimeilipia," akasema.

Tukamwandikia Ayikoru. Akaitoa.
Ikaja sauti ya yule mwanamke wa mashine,
asiyechoka, asiye na mama:
mteja hapatikani, tafadhali jaribu baadaye.
Zahanati nayo ina namba ya bure,
bure kwetu sisi tunaoweza kwenda kwa miguu;
ukiwa ng'ambo namba hiyo haijazaliwa.

Yangu tu ndiyo inayopenya. Usiniulize kwa nini.
Sasa nusu ya mtaa wa Oli inapigiwa kwangu.
Nimeshajua nani kacheleweshewa mshahara,
nani pasipoti yake imefungiwa kabatini kwa tajiri,
nani anacheka sana ili asiulizwe.

Juzi, saa nne usiku, ikalia. Ayikoru.
"Usikate," nikasema, nikakimbia,
viatu nimesahau, simu nimeishika juu kama taa,
mbwa wa Adriko wakinisindikiza kwa kelele.
Candiru akaipokea kwa mikono miwili.
Dakika zilikuwa zimeisha tangu darajani;
mlio niliusikia, nikanyamaza.

Akazungumza.
Mbuzi kazaa mapacha, mmoja hana nguvu.
Bati limepigiliwa. Mguu, afadhali.
Baada ya kila habari alitulia,
akampa mtoto nafasi ya kujibu,
na mara mbili akaitikia: "Ee. Ee."

Nilirudi kibandani, nikaandika ujumbe kwa kidole gumba:
mapacha, bati, mguu afadhali.
Ile "ee" yake
sikujua kuiandika.